Namba Sabini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Nimekula njama. Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu.

Asubuhi Meneja alituita sote watatu wa kitengo cha mtandao: mimi, Bwana Lebo, na binti yangu. Kitengo chenyewe ni chumba kimoja nyuma ya ofisi za kiwanda cha magodoro. Kabati la swichi, meza mbili, viti vitatu, na cha tatu ni kibovu na ndicho changu. Meneja akatangaza kwamba kampuni inafungua tawi katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na kwamba mkuu wa mtandao wa huko atakuwa binti yangu. Ataondoka Jumamosi ya wiki ijayo.

Nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote! Kisha nikasema naenda kuangalia feni, nikajibanza nyuma ya kabati, nikakaa juu ya bunda la waya. Vumbi la sponji likaniingia machoni. Ndiyo, vumbi. Hiki ni kiwanda cha magodoro.

Lakini kuna sharti. Meneja alisema hamwachilii binti yangu mpaka amkabidhi Bwana Lebo mtandao usio na kasoro. Kasoro zikizidi, atapelekwa mwingine. Nililisikia neno hilo vizuri sana. Nani aliujenga mtandao huu? Mimi. Nani anajua pa kuutekenya? Mimi tena.

Nyumbani nilikuta mke wangu ameshanunua sanduku la safari. Jekundu! Nikamwuliza haraka ya nini. Akasema mtoto akipata neema mzazi huchangamka, hakai mezani na sura ya mtu aliyemeza betri.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeanza kazi.

Niieleze shajara yangu, maana haijui swichi, kisanduku kinachogawa mtandao. Kiwandani kila idara ina mtandao wake mdogo wenye namba. Wahasibu wana namba kumi, simu ishirini, kamera thelathini, na kadhalika. Mafundi tunaiita VLAN. Yote inatoka ofisini kwenda jengo la mashine kwa waya mmoja mnene, tranki. Tranki ina orodha ya namba zinazoruhusiwa kupita. Namba isiyo kwenye orodha haipiti, hata ilie machozi.

Wakati wa chakula, binti yangu na Bwana Lebo wakiwa nje, nikakaa kwenye kompyuta ya binti yangu na karanga zangu. Nikaiondoa namba kumi kwenye orodha. Moja tu! Wahasibu wanakaa juu ya jengo la mashine, na wanajua kulalamika kuliko watu wote niliowahi kukutana nao.

Hawakuniangusha. Walipiga kelele hadi kwenye ngazi. Nikajitia hamnazo, nikakuna kichwa, nikasema kwa sauti kwamba mtandao huu una matatizo mazito, pengine ya miezi. Binti yangu akaja, akatazama orodha, akairudisha namba kumi. Chai yake ilikuwa bado inafuka.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Akasema huyu ndiye mtu anayemtaka kule tawini. Akasema sasa hana shaka hata kidogo.

Ilikula kwangu.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu mpya. Kasoro ya jana ilikuwa kubwa mno, ilionekana. Leo nimetaka kasoro ndogo, ya kuchosha, ya kuudhi.

Nikamchagua Bwana Lebo. Simpendi na yeye hanipendi. Ana kimashine cha kuchapa lebo na ameshabandika lebo kwenye kila kitu chumbani mle: waya, feni, swichi ya taa, mkasi. Kiti changu kimeandikwa KIBOVU. Nikalichukua tundu la kompyuta yake kwenye swichi na kuliweka kwenye mtandao wa kamera. Alipofika asubuhi hakupata barua pepe, hakupata chochote. Akadhani amechanganya lebo. Akazibandua zote na kuanza kubandika upya, jasho linamtoka. Nilifurahi kama mtoto.

Baadaye akaenda kulalamika kwa Meneja. Vizuri! Ndivyo nilivyotaka. Ila mbele ya Meneja akasema tatizo si mtandao, ni mzee aliyeujenga. Eti siku hizi hasomi bila miwani. Eti mikono haina uhakika.

Shajara, damu ilinichemka. Nikasimama mbele ya Meneja nikaapa kwamba mtandao wa kiwanda hiki haujawahi kuwa safi kama ulivyo leo. Nikasema hauna kasoro hata ya dawa. Nikasema nipo tayari kutia saini.

Meneja akafurahi sana. Akasema basi makabidhiano yanakwenda vizuri.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Jioni nimekula kidogo.

Alhamisi, 7 Machi

Leo sikugusa swichi. Nilikuwa na njama ya nyumbani.

Binti yangu alikuwa anapanga vitu kwenye lile sanduku jekundu. Akaniuliza iko wapi koleo, ile ya kubania vichwa vya waya. Ni koleo yangu ya zamani, mpini wake nimeuzungushia utepe wa umeme wa bluu. Nilimpa alipokuwa bado anasoma shule ya msingi. Alikuwa anakaa nami kwenye meza ya jikoni, anapanga nyuzi nane kwa rangi zake, chungwa, kijani, bluu, kahawia, ulimi nje. Mama yake alikuwa anahitaji meza amenye vitunguu. Tulikuwa tunamwambia asubiri, tunatengeneza mtandao wa dunia.

Nikamjibu kwamba koleo imepotea. Siku nyingi tu. Nikasema huwezi kuanza kazi mpya bila koleo yako, labda angeahirisha kidogo mpaka ipatikane.

Koleo ipo. Niliificha tangu Jumatatu nyuma ya kabati la nguo, ndani ya kiatu changu cha harusi.

Alinitazama. Akasema sawa, Baba. Akaendelea kukunja nguo. Hakuniuliza tena, akaacha pembeni mwa sanduku nafasi tupu yenye urefu wa koleo.

Ile nafasi tupu imenimaliza. Nimekaa uani peke yangu na nimejiona mtu mdogo sana. Mwanangu amesoma, amesailiwa na watu wasionijua, ameajiriwa kwa akili yake. Kazini ananiita Fundi, hajawahi hata mara moja kuniita Baba mbele ya watu, ili wasiseme amebebwa. Na mimi baba yake ninatia mchanga kwenye riziki yake.

Basi. Nimetubu! Njama zimekwisha. Kesho nitafanya jambo la maana. Tawi jipya limepewa namba sabini, na hiyo namba bado haijaruhusiwa kwenye tranki. Nitaiongeza mwenyewe kabla hajafika kazini. Iwe zawadi.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa.

Nilifika mapema. Moyo mweupe, karanga mfukoni. Nikaketi kwenye kompyuta ya mwanangu, nikafungua tranki, nikaandika kwamba namba sabini iruhusiwe. Nikabonyeza.

Sasa, swichi ina tabia moja ya kishenzi. Ukitaka kuongeza namba kwenye orodha lazima uweke neno dogo la kuiambia ongeza. Ukilisahau haikuulizi, haikuonyi. Inadhani unataka namba hiyo moja peke yake, na inafuta nyingine zote. Nimewafundisha watu jambo hili. Nilimfundisha mwanangu mwenyewe, nilimwandikia kwa kalamu nyekundu.

Nilisahau lile neno.

Kwanza mashine ya kukata sponji ilinyamaza. Huwa inanguruma kutwa na hatuisikii tena, mpaka inyamaze. Kisha simu zikafa. Kamera. Ghala. Geti likakwama na lori la magodoro likiwa nusu ndani nusu nje. Wahasibu wakatoka kwenye ngazi kwa pamoja. Jengo lote la mashine lilikuwa limekatika, na namba sabini peke yake ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kupita, nayo haina mtu hata mmoja!

Nikataka kurekebisha. Namba zikanitoka kichwani. Kumi, ishirini... Kijasho chembamba. Kwa wiki nzima nilifanya ubaya na dunia haikutikisika. Siku moja nimetenda wema, nimeua kiwanda.

Binti yangu akaingia, Meneja nyuma yake, Bwana Lebo nyuma ya Meneja na kimashine chake mkononi. Mwanangu akatazama kioo cha kompyuta. Akanitazama mimi. Akainama juu ya bega langu na kuandika orodha yote bila kusita, na kule ng'ambo mashine ikaanza kunguruma.

Meneja akauliza nani. Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno, binti yangu akasema ni yeye. Akasema jana alianza kuandaa laini ya tawi akaiacha vibaya, na asubuhi hii ikaleta madhara. Akasema anaomba radhi.

Meneja alisikiliza mashine ikishika kasi. Kisha akasema mtu anayezima kiwanda wiki ya makabidhiano hawezi kupewa tawi zima. Akasema atafikiri, na Jumatatu atatoa uamuzi. Bwana Lebo akakohoa na kujinyoosha shati.

Nimepata nilichokitaka. Binti yangu hatakwenda popote.

Mbona najisikia vibaya hivi?

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi alikuwa anaanika nguo uani. Nikaenda kumshikia vibanio. Ni kazi ninayoiweza.

Nikamwuliza kwa nini alijitwika kosa langu. Akatundika shuka nzima kabla ya kujibu. Kwanza akaniambia amejua tangu Jumanne. Nikamwuliza amejuaje. Akasema ni mtu gani mwingine anayeacha maganda ya karanga kwenye kibodi. Wahasibu, maganda. Bwana Lebo, maganda. Alikuwa anayapuliza tu na kuendelea na kazi.

Nikataka ardhi inimeze. Nikamwuliza mbona hakusema.

Akasema mwanzoni ilimchekesha. Halafu jana, mashine iliponyamaza, kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa nafuu. Aliona hii ndiyo njia ya kubaki bila kusema kwa mdomo wake kwamba anaogopa. Akasema, Baba, si wewe peke yako uliyekuwa unatafuta sababu.

Nikamwuliza kama hataki kwenda. Akasema anataka. Anataka sana, mpaka usingizi hauji. Lakini tangu azaliwe hajawahi kulala mahali ambapo hanisikii nikikoroma, na hajui huko watu hulalaje.

Nilimpa kibanio. Akakipokea, tukaendelea na shuka ya pili.

Mke wangu alikuwa dirishani. Baadaye akaniambia anajua kiatu cha harusi kina nini ndani, na kwamba ananipa mpaka Jumamosi ijayo niitoe koleo.

Jumatatu, 11 Machi

Nilipiga moyo konde nikaingia kwa Meneja kabla hajamaliza kuvua koti.

Nilimweleza yote. Wahasibu, Bwana Lebo, tranki, neno nililolisahau. Nilisema binti yangu hakugusa kitu ila kutengeneza. Nikasema akimnyima tawi kwa ajili yangu atakuwa amepoteza fundi bora na kubaki na mzee mwenye karanga. Nilitamani Bwana Lebo asiwe nje ya mlango. Alikuwa nje ya mlango.

Meneja aliniuliza kama najua ni magodoro mangapi yaliyokatwa nusu Ijumaa ile. Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui, bado wanayahesabu. Kisha akaniuliza kwa nini nilifanya hivyo. Nikamwambia ukweli: nyumba yangu ina vyumba vitatu, na sijui nitafanya nini na kimoja kikiwa kitupu.

Akamaliza kuvua koti, akalitundika.

Uamuzi ni huu. Binti yangu anakwenda. Mimi sifukuzwi, kwa sababu moja tu: hakuna mwingine anayejua waya upi unapita wapi chini ya sakafu. Lakini nimenyang'anywa nywila ya swichi. Anaishika Bwana Lebo. Mimi nitapangusa vumbi la sponji kwenye makabati, na nikitaka kubadilisha chochote niombe ruhusa. Kwa Bwana Lebo! Kwa mtu aliyebandika lebo kwenye mkasi!

Nilirudi kitengoni, nikamwambia mwanangu kwamba anakwenda. Bwana Lebo alikuwepo, na mhasibu mmoja aliyeleta malalamiko. Mwanangu akasimama, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Asante, Baba."

Mbele ya watu. Nikasema naenda kuangalia feni.

Jumamosi, 16 Machi

Tumemsindikiza. Mke wangu aliimba njia nzima kwenda kituoni, halafu alipoketi kwenye benchi akalia. Mimi nilikuwa imara. Nilijikaza mpaka dakika ya mwisho.

Kabla sanduku halijapakiwa nililifungua. Ile nafasi pembeni ilikuwa bado ipo, hakuijaza kitu. Nikatoa koleo mfukoni mwa koti nikaiweka. Ilikaa sawasawa. Nikamwambia nimeiokota. Akaniuliza wapi. Nikasema mahali fulani. Akasema inanuka kiwi ya viatu.

Akanikumbatia. Akaniambia laini ya tawi ameiweka sawa, namba sabini inapita pande zote mbili. Akasema tranki ni lazima ikubaliwe huku na huku, upande mmoja ukijifanyia wake haibebi kitu. Kana kwamba sijui. Ni mimi niliyemfundisha.

Basi likaondoka. Vumbi likaniingia machoni. Hapo hapakuwa na sponji, lakini vumbi ni vumbi.

Jumatano, 20 Machi

Nyumba kimya. Usiku wa jana mke wangu aliniambia nikorome kwa sauti zaidi, labda itasikika huko. Nadhani alikuwa anatania.

Nimekuwa na wazo, na si njama. Nasisitiza, si njama! Ni jambo la kitaalamu. Namba sabini inabeba kazi ya tawi zima, imejaa watu. Je, si busara kukawa na namba ndogo, sabini na moja, ya simu mbili tu? Moja kwenye meza ya binti yangu, moja kwenye meza yangu. Safi, haina msongamano. Kampuni ingefaidika.

Ningeomba ruhusa kwa Bwana Lebo. Nilikusudia kabisa. Lakini alikuwa amekwenda kula, na nilipokuwa napangusa vumbi niliinua kibodi yake. Chini yake kulikuwa na lebo. Imechapwa vizuri, herufi kubwa: NYWILA YA SWICHI. Na nywila yenyewe ikafuata. Mtu huyu hawezi kujizuia.

Nikaketi. Nikatoa karanga. Nikafungua tranki, nikaandika kwa uangalifu mkubwa kwamba namba sabini na moja iruhusiwe. Nikabonyeza.

Mashine ya kukata ikanyamaza.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimeliwaza lile neno dogo tangu asubuhi. Nililiwaza njiani, nikalirudia kwenye ngazi. Halafu mkono ukaenda bila hilo neno. Wahasibu nikawasikia wakishuka.

Simu yangu ya mfukoni ikalia. Ni yeye! Tawi limezimika, maana kila kitu chao kinapitia kwetu. Kiwanda kizima kimesimama, geti limekwama, na mwanangu akaanza na shikamoo. Nikaitikia marahaba. Akaniuliza kama nina karanga mkononi. Nikaziweka mezani.

Hakunigombeza. Kutoka huko hakuweza kuifikia swichi, basi ikabidi nikae niandike, yeye akinitajia. Kumi, Baba. Nikaandika kumi. Ishirini. Nikaandika ishirini. Katikati nikamwuliza amekula nini. Akasema tuendelee, thelathini. Nikaandika thelathini, nikamwuliza kama analala. Akasema siku mbili za kwanza hapana, ila sasa jirani wa ukutani ana mkoromo karibu kama wangu, unamsaidia. Nikamwonea wivu jirani huyo. Akasema Baba, arobaini.

Bwana Lebo alikuwa anagonga mlango niliokuwa nimeufunga kwa ndani. Niliandika polepole. Polepole kuliko ilivyohitajika. Mashine ikaanza kunguruma na bado tulikuwa tunazungumza.

Kabla ya kukata aliniapisha. Nisiguse swichi tena, kabisa. Yeye mwenyewe atapiga simu kila jioni akitoka kazini, hakuna haja ya kuzima kiwanda. Nikaapa, na niliapa kwa moyo wangu wote.

Kesho asubuhi Meneja ananihitaji ofisini. Bwana Lebo amebadilisha nywila, na kimashine chake nimekisikia kikichapa. Nami nimeapa. Ila kutoka asubuhi mpaka jioni ni mbali, na leo nikipita getini nimeona ile swichi ya pale haijaangaliwa siku nyingi.